Ampli ya Taa Nne

Siku Antoine alipouawa, ampli ilianza kuimba akiwa tayari amekufa.

Hayo yalitokea Nizi, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, katika jumba lililokuwa klabu ya wakubwa wa mgodi. Wazungu walipoondoka waliacha meza ya biliadi yenye kitambaa kilichotafunwa na panya, friji mbili mbovu, na ampli moja, mashine ya kukuza sauti ya santuri, ya chuma cha kijivu. Juu yake zilisimama taa nne za kioo, ndefu kama vidole. Antoine, aliyekuwa mpishi wao, ndiye aliyebaki na funguo. Miaka mingi aliitunza ile ampli, akiifuta kwa kitambaa laini, akiwafukuza watoto wasiiguse. Jumamosi mchana alipiga santuri, na watu wa mtaa walikuja kukaa kwenye ngazi kusikiliza.

Jumamosi hiyo walikuja wengine. Vijana kumi na wawili, mapanga na bunduki mbili. Antoine alipowaona wakipanda kilima alimsukuma mwanawe Osée juu ya dari, kwenye nafasi ya panya na vumbi kati ya mbao na mabati.

“Baki hapo,” alimwambia. “Hata ukisikia nini, usishuke.”

Osée alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alilala kifudifudi, jicho kwenye tundu la waya wa taa, akaona kipara cha baba yake chini kabisa.

“Muzee, tupigie muziki,” alisema mkubwa wa wale vijana. “Tumetembea sana.”

Antoine aliweka sahani ya santuri, akabonyeza swichi ya ampli. Kimya.

“Iko wapi muziki?”

“Mungoje kidogo, batoto yangu. Taa zinapata moto kwanza.”

“Weye unatucheka?”

“Hapana. Ziko za zamani. Mungoje tu.”

Panga lilishuka mara tatu. La kwanza bega, la pili shingo, la tatu Osée hakuliona kwa sababu alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, yule kijana alikuwa akifuta panga kwenye kitambaa cha biliadi, na hapo ndipo tarumbeta ilipotoka, safi, ikafuatwa na magitaa mawili. Vijana walicheka. Mmoja akacheza, akiruka damu ili asichafue viatu. Walicheza mpaka sahani ikaisha na sindano ikabaki ikikwaruza katikati, krr, krr, krr, kisha wakaondoka. Ampli waliiacha. Ilikuwa nzito.

Baadaye, huko Bunia, Osée aliipima kwa saa. Aliipima zaidi ya mara mia moja, asubuhi na jioni, wakati wa baridi na wakati wa joto. Tangu kubonyeza mpaka sauti kutoka: sekunde hamsini na mbili.

*

Mtu anayeishi na hesabu kama hiyo huwa fundi mzuri sana au mlevi. Osée akawa fundi. Alijenga banda la mbao katika mtaa wenye vumbi jekundu, akaandika kwa rangi juu ya mlango: HAPA TUNAPONYA SAUTI. Wateja wake walikuwa mapadri wenye radio za miguu minne, wafanyabiashara wa Mahagi waliorithi vinanda vya santuri kwa baba zao, na wazee waliokataa kabisa visanduku vya plastiki vinavyolia sokoni tangu alfajiri.

“Docta,” vijana walimtania, “ampli yako inatumia kuni ao makaa?”

“Inatumia akili. Njo maana weye hutaweza kuiwasha.”

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kwanza alinusa, kwa sababu kilichoungua husema ukweli kabla ya kipimo. Kisha aligonga kila taa kwa mpini wa bisibisi, taratibu, sikio kwenye spika, akitafuta ile inayojibu vibaya. Mwisho aliwasha na kumwambia mwenye mali akae. Mteja mwenye haraka aliambiwa arudi kesho. Hapakuwa na mtu, hata padri, aliyeruhusiwa kusema neno kabla taa hazijapata moto.

“Kile kisanduku chako kinapiga kelele,” aliwaeleza vijana. “Hii inakuletea mutu ndani ya nyumba. Unasikia anavuta pumzi. Unasikia kiti anachokalia.”

Nyumba yake ya kulala, nyuma tu ya banda, haikuwa na dari, wala banda lenyewe. Espérance, mkewe, alilalamika miaka yote: joto mchana, kelele za mvua usiku, majirani wote wameweka dari isipokuwa wao. Osée alimjibu kwamba mbao ni ghali. Espérance alijua si hivyo, lakini hakuuliza. Kila mtu Bunia ana jambo ambalo haulizwi.

*

Lambert alikuja mapema asubuhi, siku ya Alhamisi, kwa miguu kutoka kambi ya wakimbizi iliyo pembeni ya mji. Alikuwa katekista katika vilima vya Djugu kabla vilima havijachomwa moto. Sasa aliishi chini ya turubai, shati lake limefungwa vifungo mpaka kooni kana kwamba misa itaanza punde.

“Jumamosi tunaondoa matanga ya Régine,” alisema. “Siku makumi nane ziliisha. Ya siku arobaini tulishindwa, kambi yote ilikuwa inakimbia.”

Osée alimjua Régine. Mke wa Lambert, sauti ya pili ya kwaya. Aliuawa pale pale kambini, usiku wavamizi walipoingia kati ya mahema.

“Kuko kaseti moja ya kwaya yetu. Régine anaimba peke yake mahali pamoja, kidogo tu. Batu ya kambi banataka kuleta ile bafle ya plastiki, spika ya kulia kama mbuzi. Mie nimekataa. Ninataka nimusikie yeye.”

Osée alitazama juu ya rafu, pale ampli ya baba yake ilipokaa chini ya kitambaa. Haikuwahi kutoka bandani. Askofu angeiomba asingeipata.

“Leta watu hapa,” alisema. “Tutasikiliza hapa.”

“Matanga hayaondolewe mu nyumba ya mwingine, Docta. Unajua.” Lambert alishika ukingo wa meza. “Usiku ule mie nilikuwa chini ya kitanda. Yeye alisema, baki. Nikabaki. Nilisikia yote, mpaka mwisho, na sikutoka.”

Osée aliweka bisibisi mezani. Alipanda juu ya kiti akaiteremsha ampli. Aliifunga katika shuka, akaikaza mgongoni mwa Lambert kama mama anavyofungiwa mtoto. Akamvisha shingoni duara la waya wa shaba wa spika, na juu yake vile vyombo vikubwa vya kusikilizia masikioni, ili usiku ajaribu kama inanguruma bila kuwaamsha watoto wa kambi. Spika na kicheza kaseti angevileta mwenyewe kesho kwa baiskeli.

“Tembea pole pole. Na ukiiwasha, ngoja.”

“Nitangoja.”

Wala Osée wala Lambert hawakuwa na habari za mjini. Alfajiri ile pikipiki zilikuwa zimeingia na neno kutoka barabara ya Komanda: lori limechomwa, watu sita wameungua ndani yake, wengine wamekatwa wakikimbia. Mmoja wa wale sita alikuwa Rodrigue; yaya wake, yaani kaka yake mkubwa, alikuwa Fiacre, dereva wa pikipiki anayejulikana na kila mtu wa mtaa ule. Mama yao alikuwa amekwisha kupelekewa kiatu kimoja.

*

Filimbi ndizo zilizomtoa Osée mezani. Filimbi, kisha mlio wa pikipiki nyingi, kisha sauti moja kubwa ya watu. Alichungulia katikati ya mbao.

Walikuwa wamemzingira Lambert mbele ya kibanda cha kinyozi, hatua themanini hivi kutoka pale. Shuka lilikuwa chini. Ampli ilikaa katikati ya njia, taa zake nne zikimetameta juani.

“Fonie!” mtu alipiga kelele. “Eko na fonie! Angalieni antena, angalieni ile ya masikio!”

Osée akaelewa mara moja. Wachache pale walikuwa wameona ampli ya taa, nao kwa mbali tu, juu ya rafu. Lakini kila mmoja wao aliwahi kuona fonie, ile radio ya kuongea na watu wa mbali, katika ofisi za machifu na kwenye migodi: chuma cha kijivu, waya mrefu, vyombo vya masikioni. Na huyu hapa mtu wa Djugu, kwa lafudhi yake tu unajua ni wa upande gani, anavuka mji na mashine hiyo mgongoni siku ile ile ya lori.

“Ni ya muziki,” Lambert alikuwa akisema. “Batoto yangu, ni ya muziki ya matanga.”

“Ya matanga yetu!” Fiacre alimpiga kwa ubapa wa panga mdomoni. “Ulibaambia camion ya Komanda inapita saa ngapi? Sema! Ulibaambia saa ngapi?”

Jiwe lilimpata Lambert nyuma ya kichwa, akapiga magoti. Mtu alileta tairi kuukuu. Mwingine alikuwa akifungua chupa ya mafuta ya pikipiki, akihangaika na kifuniko, kama mtu anayefungua soda.

Espérance alikuwa nyuma ya Osée, mikono imejaa unga.

“Usitoke,” alinong’ona. “Osée, uko na batoto. Usitoke.”

Osée aliinua macho juu. Palikuwa na mabati tu. Hapakuwa na dari ya kupanda.

Akachukua spika ndogo ya mbao begani, waya wa kuunganisha simu mfukoni, akatoka.

*

Hakukimbia. Mtu anayekimbia kuelekea watu wenye mapanga hupigwa kabla hajasema. Alitembea kama fundi anayekwenda kazini, akipiga kelele, “Hiyo iko mali yangu! Hiyo iko yangu!” Walimpiga hata hivyo. Gongo moja lilimpata mbavuni, jingine gotini, lakini alifika katikati na akaiweka spika chini.

“Docta?” Fiacre alishangaa. “Weye njo unabatengenezea?”

“Ninatengeneza muziki. Hii ni ampli ya baba yangu. Nipeni umeme nitawaonyesha. Ikiongea na batu ya pori, bale balichoma lori, mutuchome wawili.”

Watu walicheka, kicheko kibaya. Lakini Fiacre aliinua panga kuwanyamazisha. Hata katika hasira kulikuwa na kitu kilichotaka kuona. Kinyozi aliwasha jenereta yake ndogo na kurusha waya nje ya dirisha. Osée alibonyeza.

Kimya.

“Iko wapi muziki?” akasema Fiacre.

Osée alihisi maneno ya baba yake yakipanda kooni, yale yale, na aliyajua yalimalizikaje. Lambert alikuwa bado magotini kando yake, tairi limeshavishwa mpaka mabegani, mafuta yakimtiririka kwenye lile shati la vifungo. Harufu iliwasha macho.

“Fiacre,” alisema. “Weye ulisoma. Hesabu. Hesabu kwa sauti mpaka soixante, makumi sita. Nikikudanganya, washa.”

“Mpaka dix, kumi tu!”

“Soixante. Mie niko hapa, sikimbie. Nani anakukimbiza?”

Fiacre alimtazama. Kisha akaanza, kwa hasira, kama anayepiga misumari. “Un. Deux. Trois.” Vijana wakamfuata, shule nzima ya mapanga ikihesabu Kifaransa katikati ya njia. Walipofika vingt, ishirini, nyuzi ndani ya taa zilianza kuwa nyekundu. Trente. Lambert alikuwa akisali kwa lugha yake, na mtu akampiga teke anyamaze. Quarante. Osée alilowesha kidole mate.

Kwenye cinquante-deux, ile hamsini na mbili, aligusa kwa kidole mahali pa kuingilia sauti, kama anavyofanya fundi yeyote kujua kama mashine iko hai. Spika ikanguruma: ngrrrrr!

“Fonie inaita!” mtu alipiga yowe. “Sikieni, inabaita!”

Fiacre alishusha panga juu ya ampli. Osée hakufikiri. Aliweka mkono wa kushoto juu ya zile taa, na panga likapita kwenye vidole viwili vya mwisho likagota kwenye chuma. Taa moja ikapasuka, tatu zikabaki zikiwaka. Vidole vilianguka vumbini kama vya mtu mwingine. Hakulia. Aliutoa waya mfukoni kwa mkono wa kulia, akaunyoosha kwa Fiacre.

“Simu,” alisema. “Nipe simu yako. Weka kitu chochote chako. Chochote.”

Labda ni damu iliyomfanya Fiacre atii, au ni kwa sababu simu ilikuwa tayari katika mkono wake mwingine. Tangu alfajiri hakuwa ameiweka. Alichomeka waya. Hakuchagua kitu. Alibonyeza kile alichokuwa akikibonyeza tangu asubuhi.

“Yaya Fiacre,” alisema Rodrigue.

Haikuwa sauti ya simu. Ilikuwa kijana mzima, amesimama pale kwenye vumbi, mate mdomoni, pumzi puani. Wanawake waliokuwa kwenye milango walishika vichwa.

“Yaya Fiacre, siye tunatoka Komanda sasa. Ambia mama aniachie sombe, niko na njaa ya kuua mutu. Camion imejaa sana. Haya.”

Katika simu ujumbe uliishia hapo. Fiacre alijua; alikuwa ameusikia mara arobaini. Zilizobaki zilikuwa sekunde chache za kukwaruza. Lakini sasa, kwenye ile spika ya mbao, hazikuwa za kukwaruza. Mlango wa lori ulifunguka. Mbuzi alilia. Na Rodrigue, mdomo mbali na simu, hajui kwamba bado anarekodi, akamwambia mtu: “Papa, weye panda mbele. Mvua inakuja. Mie nitakaa juu ya magunia.” Sauti ya mzee ikamjibu, dhaifu, “Aksanti, mutoto yangu,” kwa lafudhi ile ile ya Lambert.

Jenereta ya kinyozi ilikohoa.

“Rudisha,” Fiacre alisema.

Osée akarudisha. Mlango, mbuzi, papa weye panda mbele. Akarudisha tena. Mara ya tatu Fiacre alidondosha panga, akamwendea Lambert, akalishika tairi kwa mikono miwili akaling’oa mabegani mwake kwa nguvu hata ngozi ya sikio ikatoka nalo.

“Ondoka,” alisema bila kumtazama. “Ondoka haraka.”

Si wote waliotaka iishe hivyo. “Uchawi!” mtu alipaaza sauti kutoka nyuma. “Banafuga sauti ya batu balikufa!” Tofali liliruka likavunja meno ya Lambert ya mbele. Miguu ikaivamia ampli, taa zikapasuka moja moja kama mayai, pikipiki ikapandishwa juu yake. Halafu risasi zililia hewani upande wa soko, kundi likatawanyika, na njia ikabaki na viatu, tairi, na harufu ya mafuta ambayo hayakuwashwa.

*

Lambert aliondoa matanga ya mkewe Jumamosi ile kwa midomo mitupu, bila ampli wala kaseti, naye kwa meno yaliyovunjika hakuweza kuimba. Osée alipomtumia habari kwamba siku moja ataitengeneza tena ampli na watasikiliza ile kaseti, jibu lilirudi siku hiyo hiyo: asante, lakini hatakanyaga mtaa ule tena. Osée hakumlaumu. Mkono wake ulipoacha kutoa usaha, alikwenda yeye kambini, akakaa naye chini ya turubai. Waliagana bila kuahidiana kitu.

Fiacre alikuja wiki ya nne. Alisimama mlangoni chini ya maandishi ya rangi, kofia ya pikipiki mkononi. Espérance alipomwona aliokota mchi.

“Muache,” alisema Osée.

“Docta.” Fiacre alitoa simu mfukoni. “Mu simu haisikike. Ile ya mwisho. Ile ya Papa panda mbele. Nimejaribu mu bafle yote ya muji. Haisikike.”

Osée aliendelea kufuta bisibisi. Ampli ilikuwa mbele yake mezani, chuma kimekunjwa, taa mbili tu nzima zilizotoka kwa kinanda cha santuri cha mfanyabiashara wa Mahagi aliyefariki. Kwa vidole vilivyobaki hakuweza kushika waya na kulehemu kwa wakati mmoja. Alikuwa amejaribu mwezi mzima.

“Kaa,” alisema.

Akampa Fiacre chuma cha kulehemia. Mara ya kwanza kijana alijichoma kidole gumba mpaka nyama ikanuka bandani mote. Espérance, pale mlangoni, alisema, “Vizuri.” Fiacre hakukitoa kidole. Osée alishika waya kwa meno na mkono wa kulia, akaonyesha kwa kidevu: hapa. Tena. Si hapo, hapa. Walifanya hivyo siku tatu.

Siku ya tatu Osée alibonyeza. Fiacre alifungua mdomo kuuliza kitu.

“Nyamaza,” Osée alimwambia. “Hesabu.”

Fiacre akaanza kuhesabu, safari hii kwa sauti ya chini. Osée alitazama zile taa mbili zikiwa nyekundu, akatazama panga kiunoni mwa kijana, kwa sababu bado alitembea nalo, kila mtu Bunia bado alitembea nalo. Visiki vya vidole vyake vilimuuma kwa kufuata namba. Kwenye cinquante-deux, hakuna kilichotoka.

Fiacre aliacha kuhesabu, akamtazama.

“Endelea,” alisema Osée. “Ziko mbili tu. Zitachelewa.”

“Cinquante-trois,” akasema Fiacre.